Kisu Nilichokisingizia

Siku ile ya soko la Kasikeu naikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa, mwanangu, na mke wangu akinisikia nikisema hivi atanuna wiki nzima. Wacha anune. Siku ya ndoa nilisema kweli mbele ya watu. Siku ya Kasikeu nilisema uongo mbele ya watu, tena mara mbili, na huo wa pili ndio unaonitafuna mpaka leo.

Sikupanga kuyasimulia haya. Mimi ni mzee wa kanisa, na ushuhuda nimetoa mara nyingi hata waumini wanajua niliachaje pombe, nilipigana na nani na nani alinishinda. Ushuhuda huu mmoja nilikuwa nauruka. Aliyenifungua kinywa ni mjukuu wangu Kioko, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni porini. Juzi alikuja na simu yake akanionyesha visu viwili, vile visivyokunjwa, vya kuvaa kiunoni na ala zake. Kimoja bei nafuu, kingine mara tano ya hicho.

"Babu, wewe umeishi na visu," akaniuliza. "Hiki cha bei kali kina maana, ama tunalipia jina tu?"

Swali zuri, nikafurahi, nikavaa miwani. Kumbe hakuwa amemaliza. Akasema, "Na hata nikikinunua, nitakaa nacho mwezi halafu niwaandikie wauzaji kimekuja na kasoro. Wanakurudishia nusu ya pesa na kisu unabaki nacho. Kila mtu anafanya hivyo."

Weh! Nilimfokea hadi kuku wakatoka mbio uani. Nilimwita mwizi, nikamwita mtoto asiye na baba, na babake ni mwanangu mwenyewe, yuko hai. Kioko akaweka simu mfukoni, akaenda zake. Nilipobaki peke yangu nikajiuliza, wewe mzee, hasira yote hiyo ni ya nani? Nyani haoni kundule. Basi nikamwita arudi, nikamwambia haya ninayokuambia na wewe. Keti vizuri.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, miguu mirefu na mdomo mrefu kuliko miguu. Kwetu ni Kathonzweni. Nilikuwa nanunua mbuzi na ng'ombe upande wa Mutomo, kule Kitui ya ukame ambako mtu anaweza kukosa maji lakini hakosi mbuzi, nawavusha mto Athi, nawaleta huku Makueni kuwauza. Tulitembea kwa miguu siku nne, tano, na mifugo mbele yetu. Si kama nyinyi, mbuzi anapanda pikipiki kama abiria.

Sasa, biashara ya mbuzi ina lugha yake, na ni lazima uielewe ndipo uelewe ujinga wangu. Mbuzi unayemtaka hasifiwi. Hata awe mnono namna gani, unamzunguka, unamshika mgongo, unaguna. "Huyu amekonda. Huyu ana kikohozi. Hizi kwato mbona ziko hivi?" Mwenye mbuzi naye anaapa kwamba tangu safina ya Nuhu hajatokea mbuzi kama huyu. Mnabishana, mnatukanana kidogo, mnacheka, mnakutana katikati. Hakuna anayeumia, maana kila mmoja anajua mwenzake anadanganya. Na mbuzi mwenyewe hajali, anatafuna tu. Mimi katika kukashifu mbuzi nilikuwa bingwa. Ningeweza kumkashifu mbuzi mpaka mwenyewe aanze kumwonea huruma.

Pale Kasikeu, nyuma ya soko, kulikuwa na fundi wa chuma akiitwa Mzee Mulwa. Mtu mfupi, mpole, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Visu vyake alivitengeneza kwa springi za lori. Chuma kilipita ndani ya mpini mpaka mwisho, kikabanwa kwa misumari mitatu ya shaba, na mpini wenyewe ulikuwa wa mpingo. Ala aliishona kwa ngozi ya ng'ombe. Havikuwa na urembo wowote. Ukikiona kimoja ungedhani kimeokotwa njiani. Vile vya dukani viling'aa, mpini mwekundu, na ungenunua vingi sana kwa bei ya kimoja cha Mulwa. Yeye kwa kisu kimoja alitaka beberu mmoja, ama bei yake. Beberu, mwanangu! Kwa kisu! Watu wengi walipita wakimcheka, lakini wachinjaji, warina asali na watu wa kutembea na mifugo walinunua kwake, na waliponunua hawakurudi kununua kingine, kwa sababu cha kwanza hakikuisha.

Na alikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa babake. Siku ya kwanza hakupokea kitu. Alikupa kisu uende nacho masoko manne, yaani mwezi mzima. "Enda nayo," alisema. "Ikikufanyia kazi, leta beberu. Ikikuangusha, rudisha, usiniogope." Na kile kilichorudishwa hakukiuza tena. Alikivunja palepale mbele ya watu. Alisema kisu kilichomwangusha mtu mmoja hakifai kupewa mwingine. Wakubwa wa soko walisema tangu wamjue alikuwa amevunja viwili tu.

Nikachukua kisu kimoja, nikaenda nacho Mutomo.

Sasa nikuambie kisu kile kilifanya nini, maana nisipokuambia hutajua ukubwa wa dhambi yangu. Nilikata nacho miiba ya kuzungushia mbuzi kila tulipolala. Mbuzi mmoja alikufa njiani, nikamchuna nacho ngozi yote bila kutoboa hata tundu moja. Nilipunguza nacho kwato, nikatoa nacho mwiba kwenye unyayo wangu mwenyewe. Sikukinoa hata mara moja. Halafu tukafika Athi.

Nilikuwa na mwenzangu, Nzioki, aliyekuwa na fahali mmoja aliyemnunua kwa akiba yake yote. Maji hayakuwa mengi, lakini mchanga wa Athi ni wa kuogopwa. Juu mgumu, chini hakuna kitu. Fahali akazama miguu ya mbele, akajirusha, kamba ya katani aliyofungwa ikazunguka shingo na pembe, ikavuta. Kamba ya katani ikilowa maji huwa ngumu kama mti. Ulimi ulikuwa umeshatoka nje. Nzioki alikuwa analia kama mtoto. Nikaingia mpaka kiunoni, nikapitisha kisu chini ya kamba, nikavuta mara moja. Moja tu! Kamba ikaachia, fahali akavuta pumzi, tukamsukuma akatoka.

"Hiyo beberu ya Mulwa," Nzioki akaniambia tukiwa tumekaa kwenye mchanga tunatetemeka, "mpelekee hata leo. Mpelekee mbili."

Nilipofika nyumbani nilikijaribu kwenye nywele za mkono. Zikatoka safi. Kwa hiyo nilijua, mwanangu. Hilo ndilo nataka ulishike. Sikuwa mjinga asiyejua thamani ya kitu. Swali la Kioko, kama kisu cha bei kinastahili bei yake, mimi nilikuwa nimeshalijibu ndani ya maji ya Athi. Jibu lilikuwa ndiyo.

Lakini nilikuwa na beberu mmoja wa rangi ya majivu, mzuri, na kumtoa kulinichoma. Nikajiambia, huyu Mulwa ni mwuzaji kama wauzaji wengine. Nikikikashifu kidogo atateremka. Atasema leta basi jike dogo, mimi nitaguna, nitakubali. Na kwa kuwa mwuza mbuzi haendi sokoni na maneno matupu, asubuhi ile ya soko, kabla sijaingia Kasikeu, niliketi kando ya barabara penye mwamba nikakisugua makali juu ya jiwe. Nilisugua mpaka kikawa butu. Ule mlio wa chuma juu ya jiwe nausikia hata nikiwa kanisani.

Nilimkuta na watu sita, saba, wengine wamekuja na majembe. Nikamsalimia, nikavaa sura ya mtu aliyekosewa.

"Mzee, hii kisu yako imeniangusha."

Akaweka nyundo chini. "Imekuangusha namna gani?"

"Haishiki makali. Siku mbili tu ikawa kama kijiko. Kamba ya katani imeishinda, ng'ombe ya mwenzangu karibu ife mtoni."

Watu wakashika vinywa. Mimi nikangoja zamu yake. Nilingoja aape, anitukane, aseme mkono wangu ndio butu, ndipo tuanze kupanda na kushuka kama desturi. Mzee Mulwa hakuapa. Aliniuliza polepole, "Uko na hakika, kijana? Uliinoa?"

"Nilinoa sana, mzee. Haikubali."

Akakipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akakiinua kwenye mwanga. Akakisogeza karibu na jicho, akakipeleka mbali, akakirudisha karibu. Mikwaruzo ya jiwe langu ilikuwa imejaa pale makalini, hata mtoto wa chekechea angeiona. Yeye hakuiona. Ndipo nilipotambua kwamba macho ya mzee yalikuwa yanamwacha. Na pale pale, mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Mzee, nilikuwa nakutania, beberu huyu hapa." Tungecheka wote. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyejikwaa ulimi bado anaweza kusimama akisimama upesi. Mimi sikusimama.

"Labda upunguze tu bei," nikasema. "Nitaichukua hivyo hivyo."

"Bei?" Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jambo la kigeni. "Kisu mbaya haina bei."

Akakibana kwenye vaisi, kile kibanio chake cha chuma, akachukua nyundo, akakipiga mara moja. Kikavunjika. Kile kisu kilichomtoa fahali kwenye mchanga, mwanangu, nilisimama nikakitazama kikivunjika.

Sasa sikia. Kwa fundi, chuma kilichovunjika kinasema. Kama kilipikwa vizuri, chembe za ndani ni ndogo, laini, kama unga. Kama moto ulizidi, chembe zinakuwa kubwa, zinametameta kama chumvi ya mawe. Mzee Mulwa alipeleka kipande kwenye pua yake, akakigeuza, akakigeuza tena. Halafu akaninyooshea mimi.

"Niangalilie wewe mwenye macho ya ujana," akasema. "Ni unga ama ni chumvi?"

Nikatazama. Ulikuwa unga. Unga mtupu, wa kijivu, laini, sijaona chuma kizuri kama kile tangu siku hiyo. Watu walikuwa wamenizunguka, wananitazama mdomo. Nikisema unga, wote watajua nilikuwa mwongo tangu neno la kwanza. Nilijionea haya mimi kuliko nilivyomhurumia yeye.

"Ni chumvi, mzee," nikasema. Na nikachukua na kile kipande kilichobaki kwenye vaisi, nikavitupa vyote viwili haraka kwenye rundo la vyuma vyake kabla mwingine hajainama kutazama.

Mzee Mulwa akatikisa kichwa. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alisema kwa sauti ya chini, "Basi ni macho. Tangu mwaka jana naona rangi ya moto vibaya. Nilikuwa nangoja mtu wa kuniambia." Akachota maji kwenye ndoo akamwagia moto. Moshi ukajaa kibanda, watu wakakohoa, wakatoka. Halafu mzee akanigeukia akaniomba msamaha. Mimi! "Unisamehe, kijana. Karibu niue ng'ombe ya mtu." Akamwita mkewe, Mama Kalondu, akamwambia aniletee kuku kwa ajili ya usumbufu nilioupata.

Nilimpokea kuku yule. Nilimbeba kwapani kutoka Kasikeu mpaka Kathonzweni, na nyumbani tulimla. Ninapokuambia naona aibu, mwanangu, sehemu kubwa ya aibu hiyo iko kwenye yule kuku.

Basi nikanunua kisu cha dukani, cha mpini mwekundu. Safari ya tatu mpini ulibaki mkononi mwangu na chuma kikabaki ndani ya mguu wa mbuzi niliyekuwa namchuna. Kumbe kilikuwa kimeingia mpini kiasi cha ukucha tu, kilichobaki ni gundi. Rahisi ni ghali, nikasema, na fundi ambaye angenifundisha hilo nilikuwa nimeshamfunga mdomo.

Mzee Mulwa hakutengeneza kisu tena. Alitia mipini ya majembe, kazi isiyotaka moto, na Mama Kalondu akaanza kuuza nyanya sokoni. Wachinjaji walilalamika, warina asali walilalamika, lakini nani atamlazimisha fundi aliyevunja kazi yake mwenyewe mbele ya macho yao? Wahenga walisema kizuri chajiuza. Nakubali. Lakini kizuri kikisingiziwa hakijiuzi ng'o. Mimi nikawa napitisha mbuzi wangu njia ya nyuma nisionane na kile kibanda.

Ulipita karibu mwaka. Siku moja ya soko Mama Kalondu akanishika mkono penye nyanya zake. Nilidhani amejua. Akaniambia, "Mwanangu, sijawahi kukushukuru. Wengine wangemwonea haya yule mzee, wangenyamaza aendelee kuharibu. Wewe ulimwambia ukweli." Na akaniongeza nyanya nne juu ya zile nilizonunua.

Hizo nyanya hazikufika Kathonzweni. Niliziweka chini kando ya njia, nikageuka, nikaenda nyumbani kwa Mzee Mulwa moja kwa moja. Nilimkuta amekaa uani anamenya mbaazi. Sikumsalimia hata.

"Mzee," nikasema, "ilikuwa unga."

Mikono yake ikasimama. Hakuniuliza nasema nini. Alijua.

"Unga?"

"Unga kabisa, mzee. Kisu yako ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliisugua kwa jiwe. Nilitaka unipunguzie bei."

Nilingoja anipige. Badala yake akacheka, kicheko kidogo cha furaha, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepata nafuu. Akaiinua mikono yake akaitazama, hii na hii. Halafu uso ukabadilika, na maneno aliyoniambia nayajua kwa moyo kama Zaburi.

"Kijana, ungeniambia beberu ni ghali, ningekuambia enda ununue ya duka, na tungebaki marafiki. Ungeniibia hiyo kisu, ningetengeneza ingine. Lakini wewe ulisema mkono wangu ni mwongo, na mimi nikakuamini wewe kuliko mkono wangu. Mwaka mzima nimekaa na hii mikono kama vitu vya mtu mwingine."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Umekuja, nimeshukuru. Lakini hukuniambia mimi peke yangu ile siku. Enda useme pale ulisemea."

"Soko lijalo, mzee," nikajibu. "Nitasema mbele ya wote."

Na soko lijalo lilifika. Nilitoka nyumbani mapema, maneno nimeyapanga. Nilipofika nilimwona kwa mbali. Alikuwa amefagia kibanda, ameleta gunia la makaa, amevaa shati lake la kanisani, jeupe, amekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri. Moto hakuwa ameuwasha. Alikuwa anangoja neno langu kwanza. Nikatembea mpaka penye wauza mboga, hatua ishirini tu kutoka kwake, watu wamejaa. Nikafungua mdomo. Mama mmoja akaniuliza, "Unatafuta nini, kijana?"

Nikasema, "Boga ni ngapi?"

Nikanunua boga, mwanangu. Nikalibeba, nikaenda kusimama nyuma ya zizi la mbuzi, nikakaa pale siku nzima nikimchungulia. Kila mtu aliyekaribia kibanda chake, mzee aliinua uso. Soko lilipoanza kufungwa alisimama, akalirudisha gunia la makaa mgongoni, akafunga mlango. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilijivua mwenyewe na kuchutama nikashindwa.

Hakunidai neno lile tena. Tulipokutana njiani yeye ndiye aliyenisalimia kwanza, na mimi niliona vigumu kumjibu. Alikufa miaka kadhaa baadaye, na moto wake haukuwa umewashwa tena. Kwenye mazishi nilipewa kipaza sauti, kwa kuwa watu walijua tulikuwa tunafahamiana. Nikasema alikuwa mtu mpole. Hiyo tu. Jeneza liko mbele yangu, kijiji kizima kimekaa, hakuna mbuzi wala beberu wa kupoteza, na bado nikasema alikuwa mtu mpole, nikarudisha kipaza sauti, nikaketi.

Kwa hiyo nasema leo, na wewe uende ukawaambie wengine, hasa ukifika Kasikeu na ukikuta mzee yeyote anayemkumbuka. Kisu cha Mzee Mulwa kilikuwa kizuri. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka lakini mkono wake ulikuwa bado haujakosea. Mimi ndiye niliyedanganya, mara mbili, kwa sababu ya beberu. Nimechelewa, najua. Majuto ni mjukuu, na kweli imenibidi nimfokee mjukuu ndipo niyaseme.

Sasa nasaha. Mwanangu, ukitaka kununua kisu, usianze na bei, anza na kazi. Kama kazi yako ni kukata nyanya na vitunguu, cha bei nafuu kitakutosha, na anayekushawishi ununue cha bei kali anakutania. Lakini kama kuna siku uhai wa mtu au wa mnyama utategemea kisu hicho, tazama chuma kimeingia mpini mpaka wapi, tazama kimeshikwa na nini, kinoe mwenyewe uone kinachukua muda gani kuwa butu. Usilipie mng'aro. Lipia kile ambacho hakionekani, maana hapo ndipo fundi mwaminifu anapoweka siku zake. Na ukiona bei imekushinda, sema imenishinda. Kusema "sina" si aibu. Hakuna fundi aliyewahi kuumia kwa kusikia mtu hana pesa.

Ila usiseme kitu kizuri ni kibaya ili ukipate kwa urahisi. Usiseme sokoni, usiandike kwenye simu. Wewe utadhani unapunguza bei, kumbe unampunguza mtu. Huyo aliyekitengeneza yuko mahali fulani, ana macho yanayochoka, na neno lako huenda ndilo alilokuwa akiliogopa. Na kama umeshalisema, lirudishe mapema, na ulirudishie palepale uliposemea, hata kama sauti itakutetemeka na watu watakucheka. Kicheko cha watu kinaisha jioni hiyo hiyo. Mimi niliogopa kicheko cha siku moja nikanunua aibu ya maisha.

Enda sasa. Mungu akupe kazi ya mikono yako, aibariki iwe nzuri, na siku macho yako yatakapokuacha, akuwekee karibu mtu atakayeitazama kazi hiyo kwa niaba yako na kukuambia kweli.